Neno la Mama na Subira ya Mtoto

Katika vyumba vya walimu, pale mwanafunzi mtukutu anapojadiliwa, methali moja hutajwa mara kwa mara: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hutajwa kama hukumu. Mtoto wa darasa la awali amempiga mwenziwe, au ameruka foleni ya uji, au amenyakua chaki mezani pa mwalimu. Basi mama yake hakumfunza, na kwa kuwa hakumfunza, zamu ya ulimwengu imefika, na ulimwengu aghalabu huja na fimbo mkononi. Lakini methali hiyo haisemi lolote juu ya kupigwa. Inasema juu ya kufunzwa. Swali ambalo yenyewe haiwezi kulijibu, na ambalo ni la kisayansi hasa, ni namna gani mama humfunza mtoto asiyetimiza miaka sita kuitawala nafsi yake. Je, ni kwa ukali? Je, ni kwa upole? Au ni kwa jambo jingine, dogo kiasi kwamba wengi hawalihesabu kuwa ni malezi?

Majaribio ya zaidi ya nusu karne yanaelekea kwenye jambo hilo dogo. Mtoto hujifunza kungoja anapokuwa na sababu ya kumwamini yule anayemwambia angoje. Na imani hiyo hujengwa au hubomolewa nyumbani, kila siku, kwa maneno ambayo mara nyingi husemwa bila kufikiriwa.

Si jambo la mzaha. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walifuatiliwa tangu utotoni. Uwezo wao wa kujitawala ulipimwa walipokuwa na umri wa miaka 3 hadi 11. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011, wakati watu hao walipokwisha kutimiza miaka 32, yalionyesha kwamba waliokuwa na kujitawala kudogo utotoni walikuwa, kwa wastani, na afya mbovu zaidi, fedha kidogo zaidi, na makosa mengi zaidi ya jinai. Hali hiyo ilionekana hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za akili na za hali ya maisha ya wazazi.

Utii na kujitawala

Nidhamu ya nafsi isichanganywe na utii. Mtoto mtiifu haligusi bakuli la sukari mama anapokuwa jikoni. Mwenye nidhamu ya nafsi haligusi hata mama akiwa kisimani. Tofauti hii ilichunguzwa kwa makini nchini Marekani na mwanasaikolojia Grazyna Kochanska, hasa tangu miaka ya 1990. Yeye na wenzake waliwatazama akina mama wakiwataka watoto wao wafanye mambo mawili: wapange vitu vya kuchezea vilivyotapakaa sakafuni, na wasiguse vitu vingine vya kuvutia vilivyowekwa kwenye rafu. Baadhi ya watoto walitii kwa moyo, wakaifanya kazi ya mama kuwa kazi yao. Wengine walitii kwa kusukumwa. Mama aliponyamaza, nao waliacha. Kwa macho ya mpita njia wote walikuwa watoto wazuri. Lakini walipoachwa peke yao, waliotii kwa moyo ndio walioelekea kuishika amri. Utii wa namna hiyo ulionekana zaidi pale mama na mtoto walipokuwa wamezoea kusikilizana na kufurahiana, na ulipungua pale mama alipotumia nguvu.

Hapana budi pia kuelewa kwamba kujizuia ni kazi ya ubongo, na kwamba ubongo wa mtoto mdogo haujakamilika kwa kazi hiyo. Lipo jaribio jepesi linaloonyesha jambo hili waziwazi. Mtoto wa miaka mitatu hupewa kadi zenye picha za sungura na za mashua, nyingine nyekundu na nyingine za buluu. Akiambiwa azitenge kwa rangi, huzitenga bila taabu. Kisha huambiwa kuwa mchezo umebadilika, na sasa azitenge kwa umbo, sungura huku na mashua kule. Wengi wa umri huo huendelea kuzitenga kwa rangi. La ajabu ni kwamba akiulizwa, "Katika mchezo huu mpya sungura huwekwa wapi?" huonyesha mahali penyewe sawasawa, halafu akipewa kadi mkono wake hurudia kosa lile lile. Afikiapo miaka minne au mitano hivi, aghalabu hufaulu.

Mtoto huyo si mkaidi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia tendo lililozoeleka ili lingine lifanyike, hukua polepole sana, na ukuaji wake huendelea hata baada ya mtu kupita umri wa miaka ishirini. Mzazi anayefoka, "Nimekwambia mara ngapi?" hufikiri kwamba mtoto hajui. Mara nyingi anajua. Asichokuwa nacho bado ni nguvu ya kuufanya mkono ufuate anachokijua.

Peremende mezani

Jaribio lililotangaa kuliko yote juu ya jambo hili lilifanywa na Walter Mischel na wenzake katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, California, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto aliketishwa chumbani mbele ya kitu kitamu alichokipenda. Aliambiwa kwamba akingoja hadi mtu mzima atakaporudi atapewa viwili. Asipoweza kungoja, atakula hicho kimoja tu. Kisha mtu mzima alitoka nje, akakaa huko kwa muda ulioweza kufikia dakika 15. Waliofaulu hawakuwa watoto wa mawe. Waliyafumba macho, waliimba, walizungumza peke yao, wengine walijaribu kulala. Kitu kilipofunikwa kisionekane, kungoja kulikuwa rahisi zaidi.

Mwaka 1990 Mischel na wenzake walitangaza kwamba baadhi ya watoto hao, walipokuwa vijana, walionyesha uhusiano kati ya dakika walizongoja utotoni na alama zao za mitihani. Habari hiyo ilienea duniani kote, na katika kuenea ikageuka kuwa kitu kingine: kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na subira na wengine hawana, na kwamba peremende moja yatosha kumtabiri mtu. Mischel mwenyewe alisisitiza kwamba mbinu za kungoja hufundishika. Halafu mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani, Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan, walilitazama upya suala hilo kwa watoto zaidi ya 900, wengi wao wakiwa wa wazazi wasiosoma sana, tofauti na wale wa Stanford waliotoka katika familia za watu wa chuo kikuu. Uhusiano kati ya kungoja na masomo ulikuwepo, lakini kwa kiasi cha nusu tu ya ule wa zamani. Na hali ya familia, uwezo wa akili wa awali na mazingira ya nyumbani vilipozingatiwa, ulipungua tena kwa theluthi mbili. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kile kilichodhaniwa kuwa tabia ya mtoto ilikuwa kivuli cha nyumba alimotoka.

Sasa ni nini ndani ya nyumba hiyo kinachomfanya mtoto angoje?

Neno lililovunjwa

Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitangaza jaribio ambalo kila mzazi na kila mwalimu angefaa kulijua. Watoto 28 wa umri wa miaka mitatu hadi mitano waliletwa mmoja mmoja kuchora picha. Kila mmoja alipewa kalamu za rangi zilizochakaa, akaambiwa kwamba akisubiri kidogo ataletewa nyingine nzuri zaidi. Kwa nusu ya watoto, mtu mzima alirudi na kalamu nzuri kama alivyoahidi. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba kumbe hazipo. Mchezo huo ulirudiwa kwa ahadi ya picha nzuri za kubandika. Tena kundi la kwanza lilitimiziwa, la pili halikutimiziwa. Kisha ndipo likaja jaribio la peremende, kama lile la Stanford.

Watoto waliotimiziwa ahadi walingoja, kwa wastani, dakika 12 na sekunde chache. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3 na sekunde chache. Katika kundi la kwanza, 9 kati ya 14 walidumu hadi mwisho wa dakika 15. Katika kundi la pili, mmoja tu. Watoto waligawanywa katika makundi hayo kwa bahati nasibu, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wenye subira walirundikana upande mmoja. Ahadi mbili ndogo, moja ya kalamu na moja ya picha, zilitosha kuleta tofauti ya mara nne.

Msomaji mwangalifu atasema kwamba hao walikuwa watoto wachache, na kwamba jambo lenyewe lilimhusu mgeni katika chumba kigeni kwa muda wa nusu saa tu. Ni kweli, na jaribio hilo peke yake halithibitishi kilichotendeka katika miaka minne ya malezi. Lakini limeonyesha njia. Mtoto anayekula peremende upesi baada ya kudanganywa hajashindwa kujizuia. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Kwa nini angoje cha pili kisichokuja? Mischel mwenyewe, hata kabla ya kufika Stanford, alipokuwa akiwachunguza watoto wa Trinidad katika miaka ya 1950, alikuwa amekwisha kuliona suala la kumwamini mtoa ahadi kuwa ni sehemu ya kungoja. Lilisahauliwa kwa sababu hadithi ya mtoto mwenye subira ya kuzaliwa nayo ilikuwa tamu zaidi kusimuliwa.

Basi na iangaliwe siku moja ya kawaida ya mtoto wa miaka minne. Asubuhi mama anataka kwenda kwenye biashara yake. Mtoto anamshika kanga na kulia. Anaambiwa, "Ngoja hapa mwanangu, nakwenda uani, narudi sasa hivi." Mama anatokea mlango wa nyuma na harudi hadi jioni. Siku ya kliniki anaambiwa kwamba hatachomwa sindano, kwamba daktari atamtazama tu. Dakika chache baadaye anachomwa. Sokoni anavutwa mkono: "Nyamaza, tukirudi nitakununulia andazi." Wakirudi, andazi limesahauliwa na wote isipokuwa yeye. Akilia kwa hilo huambiwa kwamba askari yuko mlangoni, atamchukua. Askari haji. Ndani ya daladala huambiwa kwamba asipokaa kimya ataachwa kituoni. Haachwi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotendwa kwa ubaya. Mama ana haraka, na uongo mdogo hununua dakika tano za kimya. Lakini dakika hizo hununuliwa kwa bei ghali. Vitisho vya uongo humfundisha mtoto somo lile lile la ahadi za uongo, yaani kwamba maneno ya mkubwa hayana uhusiano na yale yatakayotokea. Mtoto aliyekwisha kulijua hilo hubakiwa na njia mbili tu za kuishi na wakubwa: kunyakua upesi, na kupima kama mkono uliopandishwa utashuka kweli. Akifika darasa la awali akiwa na maarifa hayo, mwalimu humwita mtukutu.

Na ahadi ni deni, kama wasemavyo wazee. Ajabu ni jinsi deni hilo linavyodaiwa kwa bidii kati ya watu wazima na kufutwa kirahisi linapokuwa la mtoto.

Akina mama wa Kameruni

Wako watakaosema kwamba majaribio haya yote ni ya Wazungu na ya watoto waliozoea peremende. Hoja hiyo ina uzito, na imejibiwa kwa namna isiyotazamiwa. Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao walilinganisha watoto 125 wa Kijerumani, wa familia za hali ya kati, na watoto 76 wa Wanso, watu wa vijijini katika nyanda za kaskazini-magharibi mwa Kameruni ambao huishi kwa kilimo. Watoto walikuwa na umri wa miaka minne. Wale wa Ujerumani waliwekewa peremende au chokoleti. Wale wa Kinso waliwekewa andazi la kwao. Muda wa kungoja ulikuwa dakika 10.

Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walingoja hadi mwisho. Watoto wa Kijerumani waliofanya hivyo hawakufikia asilimia 30. Namna ya kungoja nayo ilitofautiana. Watoto wa Kijerumani walizunguka chumbani, waliimba, walijigeuzageuza. Wale wa Kinso wengi wao waliketi kimya, na baadhi walipitiwa na usingizi mbele ya andazi.

Watafiti walikuwa wameanza kuwatazama watoto hao pamoja na mama zao tangu walipokuwa wachanga, na hapo ndipo penye mafunzo. Mama wa Kijerumani hulenga kumlea mtoto ajue anachokitaka yeye mwenyewe, na katika kucheza naye humfuata mtoto anakoelekea. Mama wa Kinso hulenga kumlea mtoto aheshimu wakubwa, ashirikiane na wenzake na atulize hisia zake mapema. Naye ndiye huongoza mchezo, huku akiwa karibu sana na mwili wa mtoto na mwepesi wa kumtimizia haja zake, kiasi kwamba mara nyingi humnyonyesha kabla hajalia. Watafiti waliona kwamba uongozi huo wenye usikivu ulikwenda pamoja na subira ya mtoto akiwa na miaka minne.

Ni rahisi kuisoma habari hiyo vibaya. Haisemi kwamba ukali wa Kiafrika umeushinda upole wa Kizungu, ingawa wapo ambao wangependa iseme hivyo. Kilichoonekana ni mama anayeongoza na anayetimiza, si mama anayetisha. Mtoto ambaye njaa yake imejibiwa mamia ya mara kabla ya kilio chake kufika mbali hana sababu ya kuogopa kwamba andazi la pili halitakuja. Pia haisemi kwamba malezi ya Kinso ni bora kwa kila jambo. Watoto wa Kijerumani hulelewa kwa maisha mengine, ambamo kusema "nataka hiki" ni stadi inayohitajika.

Tabia ya kungoja, tena, haina umbo moja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022 uliwalinganisha watoto wa Japani na wa Marekani. Wajapani walingoja muda mrefu zaidi walipowekewa chakula kuliko walipowekewa zawadi iliyofungwa. Wamarekani walifanya kinyume: zawadi waliingojea, chakula hawakuweza. Maelezo yaliyotolewa ni ya desturi. Katika nyumba za Kijapani watoto huzoeshwa kutogusa chakula hadi wote wawe wameandaliwa. Wamarekani huzoeshwa kutofungua zawadi hadi saa yake ifike, kama vile siku ya Krismasi. Kila mtoto alikuwa na subira mahali ambapo nyumba yake ilimfanyisha mazoezi.

Msomaji wa pwani na wa bara hatakosa kuona kwamba mazoezi ya namna hiyo yako tele katika nyumba za Afrika ya Mashariki: kunawa mikono kwa zamu, kuketi kuzunguka sinia bila kupeleka mkono mpaka mkubwa aanze, kula upande wako wa sinia, kungoja mgeni apokelewe kabla ya kusema shida yako. Hakuna anayeyaita mafunzo ya saikolojia. Lakini mtoto anayeketi mbele ya ubwabwa unaofuka moshi, akingoja neno la babu, anafanya mara mbili kwa siku zoezi ambalo mtoto wa Stanford alilifanya mara moja tu maishani, na kwa malipo yasiyokosa: babu akisema, watu hula. Inasikitisha kwamba katika nyumba nyingi za mijini kila mtoto sasa hupewa sahani yake mbele ya televisheni, na zoezi hilo linapotea bila mtu kuamua kwamba lipotee.

Kuhusu fimbo

Fimbo haihitaji maneno mengi. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 50 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakitazama kuwapiga watoto kwa kiganja, si mateso makubwa. Kupigwa hakukuonekana kwenda pamoja na tabia bora kwa muda mrefu. Kulikwenda pamoja na ugomvi zaidi, matatizo zaidi ya akili, na uhusiano mbaya zaidi na wazazi. Tafiti hizo nyingi haziwezi kutenganisha kabisa sababu na matokeo, kwa kuwa mtoto mtundu hupigwa zaidi. Lakini mtu anayetaka kuitetea fimbo kama chombo cha kufundisha kujitawala ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, na ushahidi huo haujaonekana. Fimbo hufundisha kumtazama mwenye fimbo.

Kinyume cha fimbo si kudekeza. Diana Baumrind, aliyechunguza watoto wadogo na wazazi wao huko Berkeley, California, alionyesha mwaka 1967 kwamba watoto waliojimudu na kujitawala vizuri zaidi walikuwa wa wazazi waliotoa masharti imara na wakayasimamia, huku wakiwa wachangamfu na wakieleza sababu. Watoto wa wazazi walioachia kila kitu ndio waliokuwa na kujitawala kudogo kuliko wote. Mama anayesema "hapana" saa nne na kusema "haya chukua" saa nne na nusu, baada ya kilio, naye amevunja neno lake, hata kama amelivunja kwa huruma.

Mzigo wa nani?

Hapa yafaa kurudi kwenye methali, kwa kuwa imemtaja mama peke yake. Tafiti nazo zimemtazama mama zaidi, kwa sababu ndiye aliyepatikana nyumbani, si kwa sababu ya sheria yoyote ya maumbile. Baba aliyeahidi kurudi na muwa akarudi bila muwa amefundisha somo lile lile. Bibi, shangazi, dada wa kazi na mwalimu wa darasa la awali pia.

Tena kuna ahadi zinazovunjwa na umaskini. Mama aliyeahidi viatu vya Idi, kisha mvua zikaharibu mazao, hakudanganya. Hata hivyo mtoto wa miaka minne huona kwamba viatu havikuja. Nyumba ambamo chakula cha kesho hakina hakika ni nyumba ambamo kula leo ni busara, na ni dhuluma kumlaumu mama au mtoto kwa kuijua hali yao. Kinachobaki katika uwezo wa mama huyo ni ahadi ndogo zisizohitaji fedha: kwamba akisema atarudi jua likifika juu ya mwembe atarudi, kwamba akisema "baada ya kufua nitakusimulia hadithi" atasimulia, na kwamba akiondoka ataaga, hata kama kuaga kutaleta kilio. Kilio cha kuagwa huisha. Mtoto aliyetorokwa hubaki akiuchunga mlango.

Wanafunzi wa sekondari wasidhani kwamba mambo haya yanawangoja mpaka watakapokuwa na nyumba zao. Wengi wao, hasa wasichana, hushinda likizo wakiwa walezi wa wadogo zao, na ahadi zao huhesabiwa pia. Wanaweza hata kufanya uchunguzi mdogo kwa kadi mbili za karatasi. Moja ichorwe jua, nyingine mwezi na nyota. Mtoto wa miaka minne aambiwe kwamba huu ni mchezo wa kinyume: akionyeshwa jua aseme "usiku," akionyeshwa mwezi aseme "mchana." Kadi zionyeshwe mara 16 bila mpangilio maalumu, na makosa yaandikwe. Jaribio hili lilitangazwa mwaka 1994 na Adele Diamond na wenzake, nao waliona kwamba watoto wadogo hulitaabikia sana, na kwamba wakifika miaka sita au saba huwa ni jambo jepesi. Kisha lirudiwe siku nyingine kwa badiliko moja: kabla ya mtoto kuruhusiwa kujibu, mwonyeshaji aimbe maneno machache ya kumwambia afikiri kwanza. Mwaka 2002 Diamond na wenzake waligundua kwamba muda huo mfupi, ambao mtoto analazimika kungoja kabla ya kusema, hupunguza makosa ya watoto wa miaka minne kwa kiasi kikubwa. Mtoto ni yule yule, na kadi ni zile zile. Ila mkubwa amempa nafasi ya kupumua kati ya kuona na kutenda.

Kama mtoto aliahidiwa karanga kwa kushiriki mchezo huo, apewe zote, mbele ya macho yake, awe amekosea mara moja au mara kumi na tano.